Nyumba ya Mapipa Yenye Milango Miwili

Mwaka juzi nilialikwa harusini Likasi, na laiti ningebaki kwangu. Wali ulikuwa mzuri, kuku walitosha, muziki ulipasua masikio kama inavyotakiwa. Kisha wakaleta keki. Bwana harusi akakata kipande, akamwendea mama mkwe wake, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, halafu wakashikana mikono wakacheza. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mimi nikaweka kijiko chini. Wewe uliyekulia huku kwetu utanielewa: mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye, halali naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki ile, ni heshima, ingawa kwa macho ya mgeni zinafanana sana.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja ndani ya suti iliyokuwa pana kuliko yeye. Alinitazama kitambo, akatabasamu kwa meno aliyobakiwa nayo.

"Weye njo mutoto ya ule fundi ya vyuma?" akaniuliza. "Minye nilikuwa voisin yenu. Ah, zamani tuliikala muzuri! Na minye njo nilimuponyesha papa yako kule ku mayi, unajua? Niliona, nikanyamaza."

Nilikuwa nimemtambua jirani yetu yule kabla hajamaliza. Nilichukua mkoba wangu nikatoka nje bila kumuaga, na bibi harusi ni mpwa wangu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta mtu wa kumweleza jinsi ilivyokuwa hasa, na leo zamu ni yako.

Turudi basi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulikaa katika nyumba za kampuni, zile za matofali zilizopangwa kwa mstari. Asubuhi king'ora cha usine, kiwanda cha kampuni, kiliamsha mtaa mzima, na upepo ukigeuka, hewa ilikuwa na ladha ya kiberiti kooni. Tulikohoa, tulilalamika, na tuliipenda, maana kikohozi kile ndicho kilicholeta unga nyumbani. Baba alikuwa fundi wa kuunga vyuma. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vya cheche, na Mama aliviziba kimoja kimoja jioni huku akisikiliza sombe, yaani kisamvu, inavyochemka.

Mama alikuwa mtu wa Kapolowe, kule ziwani. Baba alizaliwa Likasi, akabatizwa Likasi, akavunjika jino kwenye kiwanja cha mpira cha Likasi. Ila babu yake alitoka Kasai, mkoa wa mbali, kuja kutandika reli, na Kasai yenyewe Baba hakuwahi kuiona. Kitu pekee cha Kasai katika nyumba yetu kilikuwa kwenye sufuria: Jumapili alitaka bukari, yaani ugali wetu, ichanganywe unga wa mahindi na wa muhogo. Mama alinung'unika kwamba inanata, akaipika.

Kisha usine ikaanza kufa. King'ora kikawa kinalia siku moja, siku ya pili kimya. Mshahara ukawa hadithi, na watu wenye njaa hupenda kuonyeshwa mtu wa kulaumu. Tukaonyeshwa sisi. Wenye asili ya Kasai warudi kwao, ndivyo ilivyosemwa mikutanoni, na jina letu likawa bilulu, wadudu. Mtoto niliyeruka naye kamba aliniita kilulu asubuhi, na mchana akaja kuniazima kamba.

Jirani yule, huyo wa suti, alifanya kazi na Baba zamu moja. Kila Jumamosi alikuja kwetu kunywa munkoyo, kinywaji cha mizizi alichokipika Mama, akasifu, akaongezewa. Jumamosi moja alikuja na vijana wa chama cha siasa wakaimba mbele ya lupango letu, yaani ua wetu, kwamba wadudu wafagiliwe. Yeye alishika sauti ya pili, vizuri kabisa, maana alikuwa mwanakwaya. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Wa kwetu alikuwa na kikombe chake kabatini.

Mawe yakaanza kuangukia bati letu. Familia baada ya familia ilihamia stesheni na magodoro, masufuria na mbuzi, ikingoja treni ya kuipeleka mahali ambapo wengi wao hawakuwa wamefika. Baba akasema yeye hapandi.

"Kwetu ni wapi?" alimwuliza Mama. "Wanasema nirudie. Muntu anarudia pahali alitoka. Minye nilitoka apa, mu hii chumba."

Tangu hapo nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja tu: Baba abaki nasi, au apande treni ile. Hata ukiona tunakula, tulikuwa tunafikiria hilo.

Tukaenda Kapolowe kwa mama yake Mama, ambaye sisi tulimwita Nkambo, kuomba kiwanja. Kaka yake Nkambo ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji. Alikataa. Hakukataa kwa ubaya, alikataa kwa woga, lakini ukiwa nje mvuani utauona tofauti gani? "Nikimupatia udongo," alisema, "batachoma mugini yote."

Baba alikuwa amekaa nje nyuma ya nyumba, kwa adabu, asionane na Nkambo. Akaniita, akanituma ndani nikaulize: na maji, je? Wazee wakacheka. Hakuna mtu aliyewahi kuomba apewe maji. Nkambo hakucheka. Ile sehemu ya ziwa yenye matete ndipo baba yake alipotega migono ya samaki maisha yake yote, na kila mtu alijua kwamba imebaki kwake. Akasema kwa ukali, mgongo ameupa mlango:

"Mwambieni ule bwana ajenge ku mayi yangu. Lakini minye nitalala mule mule. Bakikosa kuniona, bataichoma ile siku."

Sasa nakuomba ufikirie tatizo la fundi. Nyumba ndogo, juu ya maji, ya kuhifadhi mtu mmoja. Na dawa ya kumhifadhi ni mama mkwe, kiumbe pekee duniani asiyeruhusiwa kukaa naye.

Baba aliichora kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule yetu ya Likasi. Mama alikuwa ameupaka chokaa ukuta ule kwa Krismasi. Alisimama akatazama, akamwacha achore, kwa kuwa nyumba haikuwa yetu tena. Chini alichora mapipa matupu kwa safu mbili, juu yake fremu ya vyuma, kisha sakafu ya mbao za masanduku ya mashine, kisha kuta na bati. Katikati alipitisha ukuta usio na mlango. Mlango wa Nkambo ungetazama nchi kavu. Wa kwetu ungetazama ziwa. Choo kilimtesa kuliko vyote. Mkwe na mama mkwe hawawezi kutumia kimoja, na vyoo viwili vinavyotazamana ni aibu zaidi. Alifuta, akachora, akafuta, mpaka ukuta ukawa mweusi wote, mwishowe akaweka kimoja kila ncha, vikipeana mgongo. Mtu yule alikuwa ameunga matangi makubwa kuliko parokia yetu, na sikuwahi kumwona akitoa jasho namna ile.

Alitengeneza vipande lupangoni, kila kimoja kiwe cha kubebwa na watu wawili, ili avifunge kwa bolti huko ziwani. Malori ya makala, yaani mkaa, huingia mjini yamejaa na kurudi porini matupu. Dereva mmoja, ambaye hakujali mtu katoka wapi mradi anasaidia kusukuma lori likikwama, alikubali kutubeba. Jirani alisimama langoni pake akitazama tunavyopakia mapipa.

"Unaenda wapi na ma-tonneau?"

"Ku bukwe," Baba akamjibu, yaani ukweni. Hakuwa mwongo Baba, na ndiyo shida ya watu wa namna hiyo.

Nikisema utoto wangu ulikuwa na wakati mzuri, basi ni majuma yale ya kujenga, na hata hayo yalikuwa na sumu ndani. Lami ilichemka kwenye ndoo tangu asubuhi, Baba akiziba nayo vifuniko vya mapipa, na harufu yake ikatuingia mpaka kwenye bukari. Wanakijiji walikaa ufukweni wakitazama. Hawakusaidia, hawakuzuia. Wanawake walitwanga mihogo huku shingo zimegeukia kwetu, mpaka mmoja akatwanga kidole cha mwenzake. Jioni vyura walianza, na Nkambo akapanga samaki juu ya moshi, akitusema wote kwa sauti ya kutosha kusikika.

Nyumba ilielea. Nakuapia, ilielea siku ya kwanza, imenyooka, na Baba akalia mbele ya watu. Kisha Nkambo akahamia. Alikuja na kinu chake, mawe ya kusagia, magunia ya mihogo mikavu, mbabula mbili, yaani majiko ya makala, sanduku la chuma, na kuku. Upande wake ukazama mpaka maji yakalamba kizingiti. Hesabu za Baba zilikuwa sawa, ila hakuuliza mama mkwe ana vitu gani, wala mama mkwe mwenyewe ana uzito gani, na utamuuliza vipi? Utaanzia wapi? Fundi wa mahali pengine angeuliza. Wa kwetu alikadiria kwa macho, na macho yenyewe hayaruhusiwi kumtazama.

Hivyo Baba akawa jiwe la mizani. Nkambo akisogea ukingoni kwake kumwaga maji, Baba alikimbilia ncha ya pili. Nkambo akirudi katikati, naye anarudi. Na katikati yao nilikuwa mimi, mdomo wao, kwa sababu mkwe na mama mkwe husemeshana kupitia mtoto.

"Mama," Baba aliniambia, maana ndivyo alivyoniita akiwa na shida, "umuambie nkambo wako, akitaka kusimama, agonge kwanza ku ukuta."

Nikasema. Ukuta ulikuwa mbao za masanduku, Nkambo alikuwa amesikia kila kitu, lakini alingoja nimalize.

"Mwambie ule bwana," akajibu, "tangu lini mwanamuke anaomba ruhusa ya mukwe kusimama?"

"Umuambie basi moshi ya mbabula yake inaingia huku."

"Mwambie moshi haina bukwe."

Siku zilipita hivyo. Asubuhi nilisafisha samaki, nikalisha kuku, nikachota maji upande wa ziwa yasiyo na lami. Mama, mdogo wangu mchanga mgongoni, alibeba samaki wakavu kwenda kuuza soko la Kikula huko Likasi, akalala mjini, akarudi. Yeye sura na lugha vilimruhusu kupita barabarani. Baba hakutoka. Alitwanga chuma siku nzima, akitengeneza sufuria na majembe, na Nkambo akasema anapiga nyundo kama anayempiga mtu kichwani, na kwamba anajua ni kichwa cha nani. Hawakupendana, usinielewe vibaya. Nkambo aliona binti yake ameolewa na balaa. Baba aliona anafugwa kama kuku wa mama mkwe. Lakini kila jioni Nkambo alipika samaki mkubwa kuliko wote, akampeleka kupitia kwangu kwenye sahani iliyofunikwa, na Baba akairudisha sahani imeoshwa, imefunikwa. Hakuna aliyesahau hata siku moja.

Walikuja asubuhi, Mama akiwa Likasi na mdogo wangu mgongoni. Mimi ndiye niliyewaona kwanza: mitumbwi inatoka upande wa matete, vijana wamesimama ndani yake kama watu wasiojua mitumbwi, mapanga mikononi, na mbele amekaa jirani yetu ameshika kingo kwa mikono miwili. Nani mwingine alijua kwamba fundi wa mapipa kaenda ukweni? Nikapiga kelele. Baba hakujua kuogelea. Ndiyo, mtu wa mjini amejenga nyumba juu ya maji na hajui kuogelea, cheka tu. Na upande wetu hapakuwa na pa kujificha, chumba kimoja tu, kitanda na nyundo.

Nyuma ya ukuta nikasikia sauti ya Nkambo, chini chini.

"Weye mutoto. Mwambie ule bwana aingie kwangu."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa amesikia. Akangoja niseme.

"Nkambo anasema uingie kwake."

"Umuambie siwezi."

"Anasema hawezi."

"Mwambie ataona haya kesho. Leo aingie."

"Anasema utaona haya kesho."

"Umuambie..."

Sikujua angesema nini. Mbao mbili za ukuta ziling'oka kwa pigo la mchi, mkono wa Nkambo ukapita, ukamshika Baba kola. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kugusana tangu amwoe binti yake. Akamvuta kama anayemtoa mbuzi zizini, mabega yake yakachubuka kwenye mbao. "Rudisha mbao," akaniambia, nami nikazirudisha, nikatundika kitenge cha Mama juu yake.

Kwenye ufa nikaona yaliyobaki. Baba alijikunja chini ya kitanda cha matete, uso ukutani, viganja juu ya macho. Nkambo akavuta beseni hadi mbele ya kitanda, akavua kitenge, akavua na blauzi, akaanza kujimwagia maji na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kuudhi. Mama mkwe, mwili wazi, na mkwe wake miguuni pake. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba nimeona kitu ambacho mtu hakioni. Nikaondoa jicho.

Na nyumba ikaegemea. Sufuria ya uji iliteleza mezani ikaanguka. Nikakimbilia ncha yetu ya mbali, kana kwamba uzito wangu ungefaa kitu. Aliyetuokoa ni wao wenyewe: walipanda upande wetu wote kwa pamoja, na nyumba ikanyooka.

"Papa iko wapi?"

"Alienda stesheni," nikawadanganya.

Mmoja alichoma godoro kwa panga, akachungulia chooni, akaiba nyundo. Kisha wakapita kwenye ubao mwembamba wa pembeni mpaka mlango wa Nkambo. Jirani alikuwa wa kwanza. Alifunua pazia, akaona mgongo wa mama mtu mzima, akarudi nyuma akijifunika uso.

"Pardon, mama! Pardon!"

"Ingia!" Nkambo akapaza sauti. "Juu ya nini unakimbia? Ingia utafute mukwe yangu mu mayi yangu ya kuoga! Njo vile mama yako alikufundisha?"

Vijana waliochoma nyumba za watu wakasukumana kurudi, mmoja akaanguka ziwani. "Ku mama bukwe?" nilimsikia mwingine akisema. "Haiwezekani. Hata kilulu hawezi kuingia pale." Unamsikia? Walituita wadudu, na papo hapo walijua kabisa kwamba tuna haya ile ile waliyolelewa nayo wao. Wangeweza kuua, ila kuvuta pazia lile mara ya pili hawakuweza.

Wakashuka upande wetu kuingia mitumbwini. Mzigo wao ulipotoka, nyumba ikalala tena upande wa Nkambo. Mapipa yake yalizama, yetu yakainuka juu ya maji yakidondosha matone. Jirani alikuwa wa mwisho. Alisimama mtumbwini akayatazama mapipa yale, mtu aliyeishi na matangi miaka yote na kujua pipa halizami bila mzigo, kisha akasema, "Twende."

Kwa hiyo huenda ni kweli aliona, kama alivyoniambia harusini. Nimelifikiria hilo usiku mwingi na sitaki kumpa shukrani. Mtu akikuletea moto nyumbani, halafu akamwaga juu yake kikombe kimoja cha maji, huyo umwite mzimamoto? Mimi simwiti.

Walipotoweka, Baba alitoka kwa mlango wa Nkambo, macho amefumba. Akatembea moja kwa moja akaingia kwenye maji ya kifuani, akaenda kusimama katikati ya matete. Nilimwita, akanipa mgongo. Alisimama humo mpaka siku ya pili yake mchana, Mama aliporudi kutoka sokoni akamtoa, midomo imekauka.

Mama akamwambia kuna dawa. Na ipo kweli: jambo kama hilo likitokea, mkwe huleta kuku mweupe, wazee wa ukoo wanaitwa, inasemwa mbele yao, watu wananawa, yanakwisha. Lakini wazee wakiitwa lazima waambiwe mkwe alikuwa wapi na kwa nini. Na wajukuu wa wazee wale, waliokulia mjini, ndio waliokuwa wamesimama mitumbwini. Kusafisha haya ilikuwa kutangaza maficho, na kuacha kutangaza ilikuwa kulala na haya ile kila siku, ukuta mmoja wa masanduku katikati. Baba alijaribu kwa siku kadhaa. Hakula. Sahani ya Nkambo ilirudi jinsi ilivyokuja.

"Wale nilibakatalia," alimwambia Mama. "Hii siwezi."

Basi mawe hayakumtoa, mapanga hayakumtoa, nyimbo hazikumtoa. Alitolewa na heshima yake mwenyewe, na hilo ndilo linalonichoma hata leo ninapokueleza. Kama angekuwa mtu asiye na adabu, angeishi.

Tulimsindikiza kwa lori la makala. Stesheni ya Likasi ilikuwa mji mzima wa maturubai. Watoto walikohoa, akina mama walipika katikati ya reli, na kila siku kulikuwa na wa kuzika. Mama alipoyaona hayo akasema hamwachi. Yeye na mdogo wangu wangeenda naye. Mimi, mkubwa, nirudi kwa Nkambo, abaki hata mmoja salama. Hakuna aliyeniuliza. Baba alichuchumaa mbele yangu akanipa neno la kupeleka, kama siku zote.

"Umuambie nkambo wako: aksanti. Na ile nyumba ikuwe yake."

Nilirudi na mwanamke mmoja muuza samaki, nikamkuta Nkambo akimenya mihogo mlangoni pake. Nikasema neno. Alimenya muhogo ule mpaka ukaisha, akamenya hewa.

"Rudia kule," akasema. "Mwambie akuye. Minye nitatoka, nitaenda kulala mugini kwa kaka yangu. Mukwe aikale mu nyumba yake na bibi na batoto. Bakikuya tena kumutafuta, minye nitakuya mbio. Mwambie hivyo, usipunguze."

Nilirudi na mwanamke yule yule siku ya soko. Nilikuwa ninalirudia neno njia nzima, nisipunguze. Maturubai yalikuwepo, watu walikuwepo, lakini walikuwa wengine. Treni ilikuwa imeondoka. Mpika maandazi mmoja aliniambia mabehewa yalijaa mpaka juu ya paa, na kwamba aliona mwanamke mwenye mtoto mgongoni akipandishwa kupitia dirishani na mwanamume mwenye shati la vitundu.

Nkambo aliniona ninatoka kwenye lori peke yangu. Nikamwambia. Akaanza kufunga vitu vyake. Kinu, mawe ya kusagia, sanduku, kuku, vyote vikatoka kwa mtumbwi mpaka nyumba ikanyooka kama siku ile Baba alipolia. Nikamuuliza anahama kwa nini, na treni imeshakwenda.

"Nilisema nitatoka," akanijibu.

Baba alikufa kwa homa kabla hawajafika, na Kasai hakuiona. Mama alirudi baada ya miaka, na mdogo wangu anayeongea kwa lafudhi nyingine. Katika miaka hiyo yote Nkambo hakulala tena juu ya maji, na nyumba ilibaki tupu mpaka kutu ikala mapipa na mvua za mwaka mmoja zikaizamisha polepole. Leo matete yale yamekatwa, migono haitegwi, na vijana wa Kapolowe wakiniona ninatazama pale wanafikiri natafuta mtandao. Wazee walioijua dawa ya kuku mweupe wamekufa, na wajukuu hawana haja nayo, maana haya yenyewe hawana. Sisemi wanafanya vibaya. Nasema sijui tena pa kuketi kati yao.

Lakini kabla haijazama, kila Jumamosi Nkambo alinipeleka kwa mtumbwi. "Nenda ufagie ku papa yako," alisema, nami nikaingia kwa mlango wa ziwa, nikafagia chumba ambacho hakikuwa na mtu wa kukichafua. Yeye hakupanda. Alikaa mtumbwini chini ya mlango wa Baba, ameupa mlango mgongo na kitenge amekivuta mpaka usoni, akingoja nimalize. Sijaona tena mtu akiheshimiwa namna ile, na alikuwa ameshakufa.